Kuku ya Kontena ya Tatu

Senta ya data ya kwanza yenye ilijengwa Kolwezi na mutu wa Kolwezi, bila mugeni kusimama nyuma yake na karatasi, njo mi nilijenga. Kama kuko mwingine anasema ni yeye, alete picha. Mi niko na picha tatu, na mu ya pili ninacheka.

Nilisoma mpaka mwaka ya tano ya primaire, kule Kasaji. Mwalimu alitaka nirudilie mwaka. Nikamwambia, tata mwalimu, hii mwaka nilishaiona, haina kitu mupya. Nikapanda baiskeli, nikaenda Kolwezi kujifunza kazi ya sudere, kushikanisha chuma na moto. Nilianza na milango. Mpaka leo, ukigonga mulango mu kartiye ya Manika, kama inalia muzuri, unagonga kazi yangu.

Sasa, namna gani mutu wa milango anafika ku maserveri? Serveri ni mashine yenye inawekaka akili ya kampuni: lori iko wapi, nani alikunywa mazutu, ile mafuta ya lori, nani alikuya ku kazi na nani alidanganya kama yeye ni mugonjwa. Mashine ile haipendi vumbi, haipendi joto, na haipendi kuran, ule umeme, ikatike. Ni kusema haipendi Kolwezi. Patron mumoja wa malori aliniita nimutengenezee mulango ya chumba ya mashine yake. Nikamukuta ameshika kichwa. Baenjenyeri walimuchorea nyumba kubwa ya miaka kumi mbele, na yeye alikuwa na malori tano tu.

Nikamuuliza:

"Patron, mutoto yako wa miaka sita, unamushonesheaka suruali ya baba yake?"

"Hapana."

"Sasa nyumba hii ni suruali ya nani?"

Akakunja makaratasi ya baenjenyeri. Mi ninajua kunyamazisha batu, ni zawadi. Nikamueleza vile muke yangu anashonaka uniforme ya batoto: anaacha pindo refu ndani, na mutoto akikua, anafungula pindo kidogo, suruali inashuka. Haununue mupya, na haumuvalishe mutoto gunia. Nikasema: "Mi nitakujengea kontena moja, na pindo ndani yake."

Na njo vile nilifanya. Kontena moja mu kiwanja yangu, patron alipe kila mwezi, na klimatizeri yake, mashine ya baridi, na mabatri yake. Ubavuni nilikata mulango, nikaifunika na tole, bati nzito. Biashara ikikua, unatosha tole, unaleta kontena ingine, mulango inaangariana na mulango, mashine zinaendelea kufanya kazi bila kujua kama nyumba imeongezeka. Kisha mukubwa mumoja akaniambia kama kitu hii batu ba kusoma wanaiita "modulaire". Nililipenda ile neno sana. Nililisema ku kanisa, nililisema ku harusi. Siku moja nililisema ku matanga, muke yangu akanifinya.

Kuko vitu viwili mu mpango yangu vyenye nilifanya tofauti na batu bote, na batu bote wanipe sifa juu ya bile. Ya kwanza: ile mukono mwekundu ya kupindua kuran, kutosha kuran ya bwawa ya Nzilo na kuweka kuran ya grupu, jenereta ya mazutu, sikuiweka ku mwisho. Niliiweka mu kontena ya tatu, katikati, juu nilijua kontena zitafika tano. Roho inakalaka katikati ya mwili, haikalake mu kisigino. Ya pili: benye kusoma wanaunganishaka kontena na buloni, zile bolti za kufungula. Lakini buloni ya Kolwezi, ukiilaza inje, asubui unaikuta ku mizani ya mitraille, chuma chakavu. Kwa hiyo mi nilisude. Kontena ku kontena, mulango ku fremu, mukono ku ukuta. Hata tembo isingengoa kitu. Kama ni modulaire yenye haitengani tena, nayo ni modulaire.

Tulikua mpaka kontena tano, bakliyan sita, ni kusema wateja. Malori, madepo, hata mutu mumoja wa kuuza baruti alikuwa ndani. Mi nilitembea mu avenue sawa mutu mwenye ameweka akili ya muji muzima mu mufuko ya suruali.

Halafu bei ya kobalti ikaanguka. Ilianguka kule mu mainchi yenye hatuyajui, lakini kishindo tuliisikia sisi. Mukliyan mumoja akafunga. Wa pili akasema "tutaonana". Wa tatu hakusema kitu, alituma mutu kuchukua mashine. Batu wanasemaka senta ya muzuri inakua na biashara. Mi nilikuwa wa kwanza kujua kama inapungukaka nayo. Nikazima kontena ya tano. Nikazima ya ine. Nikatosha mashine mu ya tatu, ikabaki na ile mukono mwekundu tu. Tukabaki na mukliyan mumoja: ule ule patron wa malori wa kwanza, mu kontena ya kwanza, na ya pili yenye mabatri. Huyu naye akienda, nitauza kontena kwa kilo sawa mitraille ingine. Na sudere wa miaka makumi tano hajui tena kuanza na milango.

Mu miezi ile ile, mu kartiye ya mama mukwe yangu, batu walikuta minerai, mawe ya kobalti, chini ya nyumba. Walichimba mu machumba, mu majiko. Kisha wakakuya benye karatasi na rangi nyekundu, wakaweka msalaba ku kila ukuta: hapa mutoke. Mama mukwe yangu ni wa jamaa ya Kasai. Baba yake aliletwa zamani kwa kazi ya mugodi. Wakati batu ba Kasai walifukuzwa huku mara ya kwanza, alikaa ku gare, steshoni ya treni, na batoto, mu wagon yenye haikuwa na locomotive, mpaka wagon ikawa na mapazia. Alienda, akarudi. Tangu siku ile hakuna siku alifungula mafurushi yake yote. Kwa hiyo jirani wakilia ku rangi nyekundu, yeye alikuwa tayari kwa muda wa kupika chai tu.

Alifika ku kiwanja yangu na taxi-moto mbili. Ku ya kwanza, yeye na kuku. Ku ya pili, godoro, kinu na gunia mbili ya muhogo. Akatembelea makontena yangu yote na muke yangu, sawa mutu mwenye anachagua nyanya. Mi nilikuwa nimejificha nyuma ya grupu.

"Hii," akasema ku ya tatu. "Hii wagon iko na joto."

Alikuwa na haki. Mashine zinapumuaka: zinavuta hewa baridi mbele, zinatosha hewa moto nyuma. Na ile moto yote, mi mwenyewe niliipitisha mu bomba kubwa pembeni ya kontena ya tatu. Kesho yake, mbele ya bomba, mama alitandika mukeka na muhogo. Ilikuwa mvua ya kila siku, Kolwezi muzima muhogo ilikuwa inaota ndevu. Ya mama ilikauka siku mbili. Jirani wakaona, wakakuya na mikeka yao. Namna mubaya ya biashara, lakini niseme kweli: data ya malori ilikausha muhogo ya bukari, ugali yetu, ya avenue muzima, na hakuna enjenyeri alishafanya kitu kama hii.

Sasa lazima nieleze kwa nini nilijificha nyuma ya grupu.

Ku kwao Kasai, mutu na mama mukwe wake hawaangariane uso. Hawalale mu chumba moja, hawakule pa meza moja, na hawaseme mumoja kwa mwingine, mpaka siku mume anamuletea mama mbuzi yake, mbele ya jamaa. Siku ile macho inafunguka. Ni mbuzi moja tu. Benye maskini kuliko mi walileta mwaka ya kwanza ya ndoa. Lakini mi, siku ya ndoa, mbele ya batu, nilisimama ku kiti, nikasema: "Mi sitaleta mbuzi. Mi nitaleta ng'ombe!" Batu walipiga vigelegele. Miaka kumi na nane ikapita. Ng'ombe ni ng'ombe, haipatikane kila siku. Na mutu mwenye alisema ng'ombe akiwa juu ya kiti, hawezi kurudi na mbuzi akiwa chini.

Kwa hiyo mama mukwe yangu hakuwa anajua sura yangu. Akinisikia, anageuka na kufunika uso na kitenge. Nami nikimuona, ninaangaria mawingu. Nimeangukia mufereji mara ine.

Muke yangu alikuwa anabeba maneno kati yetu. Lakini muke yangu anaendaka soko. Kukabaki kuku. Kuku ile ilikuwa nyeupe, shingo bila manyoya, na ilitembea kati ya mulango wa kontena ya tatu na grupu yangu siku muzima. Kusema na kuku hakuna mukila, mwiko, yenye inakataza.

"Kuku," nasema nikiangaria mawingu, "mama akitwanga kinu, mabatri inatetemeka. Asogeze kinu kidogo."

Ndani, sauti inajibu:

"Kuku, uambie ule mutu: kinu iko na miaka makumi tatu na haijatetemesha kitu. Mabatri yake iko na miaka ngapi?"

"Kuku, iko na miaka sita."

"Njo vile! Mutoto wa miaka sita hawezi kukataza mukubwa kutwanga."

Hapo kuku inaenda zake nyuma ya choo, na mazungumuzo inakatika. Hata kama niko na jibu muzuri, na mi niko nayo kila wakati, sina mutu wa kumupa. Tunangoja, mi inje, yeye ndani, mpaka kuku irudi. Lakini kesho yake kinu ilikuwa imesogea, kutoka kushoto kwenda kuume.

Halafu patron wa malori akaniita ku telefone. Alisema anatuma enjenyeri, mama mumoja wa Lubumbashi, aangarie kama senta yangu ingali inafaa. Atakata kuran ya Nzilo makusudi. Grupu iwake, mukono upinduliwe, mashine isizimike hata kidogo. Ikizimika, kazi imeisha, atapeleka mashine Lubumbashi.

Nilimueleza muke yangu. Akafikiri, akasema:

"Mi nitasimama ku mukono mwekundu, mu chumba ya mama. Weye uwashe grupu. Lakini ujue, mashine ikienda, mama anaenda wapi?"

"Nitauza makontena."

"Na ya tatu?"

"Zimesudewa. Zinauzwa pamoja."

Ndani ya kontena ya tatu kinu ikanyamaza. Mama alisikia. Kisha ikaanza tena, polepole. Kesho yake nikaona amefunga godoro na kamba, tayari.

Siku ya enjenyeri, nilitaka kumupokea sawa mutu mukubwa. Nikamwambia muke yangu achinje kuku. Aliniuliza gani, nikasema ile yenye iko karibu. Sikuangaria. Nilikuwa ninapaka makontena rangi. Asubui yote kuku ikaiva mu sufuria nzito, na mi nikasikia harufu, nikafurahi.

Enjenyeri akafika, mama mufupi, kofia ya plastiki, kalamu mbili mu nywele. Akaona mikeka ya muhogo mbele ya bomba.

"Tata, hii ni nini?"

"Ni kipimo," nikasema. "Muhogo ikikauka siku mbili, hewa inapita muzuri. Ikikauka siku tatu, kuko chujio yenye imejaa vumbi."

Akaandika. Sikuwa nimedanganya, njo nilielewa nikiwa nasema kama ni kweli. Akili yangu inatembeaka mbele yangu.

Alilomba maji ya gazi yenye haina sukari. Tulikuwa na yenye sukari tu. Muke yangu akapanda taxi-moto kwenda Manika. Enjenyeri akasema, sawa, kipimo ya kuran tutafanya kisha kula. Akaingia mu kontena ya kwanza kuangaria mashine. Na mama mukwe yangu, kwa kuwa alisikia kule ndani kama kipimo ni kisha kula, akabeba beseni ya maji moto, akaingia mu kontena ya tatu kuoga, akafunga komeo. Ile komeo nilitengeneza mi. Hakuna mutu anaweza kuivunja, hata mi.

Hapo, tiii, kuran ya Nzilo ikakatika yenyewe.

Mabatri ikaanza kulia: tit, tit, tit. Mabatri ya zamani, nilijua iko na dakika mbili, labda tatu. Nikakimbia ku grupu, nikavuta, ikawaka mara ya kwanza, sifa kwa mwenye kuitengeneza, ni mi. Lakini grupu ikiwaka bila mukono kupinduliwa ni kelele tu. Enjenyeri akatosha kichwa:

"Tata, nani anapindua?"

"Anapindua sasa hivi!"

Nikafika ku mulango ya tatu. Ndani, maji ilikuwa inamwagika, na mama alikuwa anaimba wimbo ya kanisa. Nikageuza uso ku mawingu. Nikatafuta kuku.

Hakuna kuku. Nikaangaria nyuma ya grupu. Nikaangaria nyuma ya choo. Tit, tit, tit. Nikaita "kuku, kuku, kuku!" sawa mutu mwenye wazimu. Kisha harufu ya sufuria ikanifikia. Ile yenye ilikuwa karibu.

Nisingeweza kusema na mama moja kwa moja. Usicheke. Miaka kumi na nane haivunjwe mutu akiwa mu beseni. Nikakimbia ku jiko, nikashika sufuria na shati yangu, nikaileta mbele ya mulango ya tatu, nikafungula kifuniko. Kichwa ya kuku ilikuwa inaniangaria mu mafuta na kitunguu.

"Kuku!" nikalia. "Hata kama uko mu mafuta, sikia! Uambie mama kuran imekatika! Aende ku mukono mwekundu!"

Wimbo ikakatika.

"Kuku," sauti ikasema, "uko wapi? Sikuone."

"Kuku iko hapa! Iko... iko karibu ya mulango!"

"Mbona haisemi?"

"Kuku, umwambie uko mugonjwa! Umwambie mashine ikizimika, kontena inauzwa!"

Tit, tit. Halafu nikasikia miguu ya maji inatembea ku chuma.

"Kuku, mukono niliushika. Upande gani?"

"Upande ya kinu!"

"Kinu ulinisogezesha! Ilikuwa kushoto, sasa iko kuume! Kinu ya zamani ao kinu ya leo?"

Nikaangaria sufuria. Nikaangaria mbingu. Ile saa, mi mwenye kupanga kontena tano mu kichwa bila karatasi, sikukumbuka kushoto ni wapi.

"Ya zamani, kuku! Ya zamani!"

Klak. Klimatizeri ikavuta pumuzi, taa ya kontena ya kwanza ikawa kijani yote, na mabatri ikanyamaza. Nilibaki pale, sufuria mikononi, shati inaungua.

Nyuma yangu, enjenyeri alikuwa amesimama na kalamu. Sijui tangu saa ngapi.

"Mashine haikuzimika," akasema.

"Haizimikake."

"Ule fundi wa mu kontena ya tatu..."

"Ee?"

"Anakalaka pale muchana na usiku?"

"Hatokake," nikasema, na ile ilikuwa kweli kuliko vitu vyote nilimwambia.

"Na weye unamusemesha na sufuria."

"Ni... ni utaratibu ya kwetu."

Akaangaria sufuria. Akaangaria mulango. Akaangaria muhogo. Kisha akaanza kucheka mpaka kofia ikaanguka, na akasema naye mama yake ni wa Kasai, na baba yake alileta mbuzi mwaka ya pili juu alichoka kusema na mbwa.

Muke yangu akarudi na maji yake ya gazi. Tukala. Mama alikula ndani, sahani yake. Muke yangu aliniambia kisha kama mama alitambua shingo, akalia kidogo, akakula paja.

Karatasi ya kuendelea na kazi ikakuya kisha wiki moja. Patron alikubali, lakini enjenyeri alikuwa ameongeza mustari: fundi wa zamu ya kontena ya tatu atie sahihi pamoja na mwenye senta, pa meza moja, mbele yake. Alijua vile alifanya, yule enjenyeri. Pa meza moja!

Nilienda Kasaji mi mwenyewe. Niliona ng'ombe. Niliuliza bei, nikaangaria ng'ombe, nayo ikaniangaria. Nikarudi na mbuzi. Mbuzi mweusi, mwenye ndevu, alipanda juu ya mizigo ya lori na kukula kofia ya mutu. Mbele ya jamaa ya muke yangu, bote bale benye walisikia neno la ng'ombe, nilipita na kamba mukononi. Shemeji mumoja akauliza kwa sauti:

"Hii ng'ombe ni ya inchi gani?"

"Ni modulaire," mwingine akajibu. "Itakua."

Niliacha wacheke. Siku ile tu.

Nikapiga magoti. Mama akapokea kamba. Akatosha kitenge ku uso, polepole, akainua macho, na kwa mara ya kwanza mu miaka kumi na nane mama mukwe yangu akaniangaria, kutoka kichwa mpaka miguu, na akarudi kutoka miguu mpaka kichwa. Haikuchukua muda.

"Kumbe uko mufupi," akasema.

Shemeji zangu wakasogea karibu wasikie.

"Namna unasemaka, mi nilifikiri uko murefu kupita mulango."

Nilifungula kinywa. Jibu nilikuwa nayo. Safari hii hakukuwa kuku ya kungoja.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Pa meza, mbele ya enjenyeri, mama akatia sahihi kwanza, juu ya jina yangu. Kisha akaenda ku kontena ya tatu, akafungula mafurushi yake, yote, mpaka ya mwisho, na akapigilia musumari ku ukuta yangu ya chuma ili atundike sufuria. Musumari ilipinda mara tatu. Ya ine iliingia.